Malehemu Petlo Mabula

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki tatu ni hili: filamu za ngumi za Runzewe ziliuawa na simu, au niliziua mimi? Wenzangu niliohitimu nao wanakosa usingizi kwa sababu ya ajira. Mimi ajira naiwazia mchana, kuanzia saa nne hadi chakula kitakapoiva. Usiku nimeuachia filamu.

Yote yalianza na ndege. Nilirudi nyumbani na shahada yangu ya sosholojia, na kwa kuwa shahada hailiwi, Mama akanipeleka jarubani kuamia ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Nikakuta kamba zimevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba zimening'inizwa CD, nyingi sana, zinazunguka na kumeta juani. Nikaikamata moja. Upande wenye stika kulikuwa na picha ya baba yangu. Ameshika panga, macho yamemtoka, na pembeni mwake kuna maua ya waridi na mioyo miwili myekundu. Nitaeleza habari ya mioyo.

Baba alikuwa anafunga kamba nyingine. Aliiona ile CD mkononi mwangu, akaichukua, akaipangusa tope kwa kiganja. Kisha akasema, si kwangu hasa, ni kama aliuambia mpunga: "Mpaka leo najiuliza nilimkosea nini Kulwa."

Akaifunga, akaendelea na kazi. Mimi nikabaki nimesimama na maji ya jaruba mpaka kwenye vifundo vya miguu. Baba hakumkosea Kulwa chochote, wala Kulwa hakumkosea Baba. Ninayejua hivyo ni mimi, na nimejua hivyo tangu nikiwa darasa la tatu.

Mliokulia ukanda huu mnakikumbuka kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video. Chetu kilikuwa cha mabanzi na bati, sakafu ya udongo, mabenchi yasiyo na mgongo. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga za kukaanga ikichanganyika na petroli ya jenereta, mguu wangu wa kulia unataka kurusha teke. Tulianza na filamu za Wachina, na mbele alikaa mtafsiri na kipaza sauti. Kichina hakujua hata neno la kuombea maji. Mzee mwenye ndevu nyeupe angezungumza dakika nzima, kwa huzuni, akinyosha mkono kuelekea milimani, na mtafsiri angesema, "Anasema: nitakupiga." Mzee anaendelea. "Bado anasema atampiga." Tuliridhika kabisa.

Aliyeleta maradhi ya kutengeneza zetu wenyewe alikuwa Shija, fundi baiskeli. Yeye alidai amesomea karate Mwanza. Siku moja filamu ilipokwisha alisimama mbele ya watu akauliza, "Wachina wana nini tusichokuwa nacho sisi? Miamba tunayo. Vumbi tunalo. Ugomvi tunao!" 

Kamera aliiazima kwa mpiga picha za harusi wa Ushirombo, na yule bwana ndiye pia aliyeziunganisha picha. Alijua njia moja tu ya kuziunganisha. Kwa hiyo katika filamu zetu mtu alipokatwa panga, maua yalishuka kutoka juu, na maiti ilipoonyeshwa kwa karibu ilizungukwa na mioyo. Watazamaji hawakulalamika. Wanawake wa sokoni walisema ndiyo maana za kwetu zinagusa.

Steringi, yaani shujaa wa filamu, alikuwa Kulwa, rafiki wa Baba tangu wakichunga ng'ombe pamoja, na msimamizi wake wa ndoa. Nilimwita Baba mdogo. Alikuwa mrefu, na angeweza kuupiga teke mfuko wa nailoni ukiwa bado unapeperuka hewani. Jambazi alikuwa Baba. Hilo halikujadiliwa. Ng'ombe alimchana shavu kwa pembe alipokuwa kijana, na lile kovu lilimfanya aonekane mtu aliyekwisha kuua watu watatu na anamtafuta wa nne. Ukweli ni kwamba Baba alikuwa fundi mwashi aliyeimba besi kwenye kwaya ya kigango, na kuku akitaka kuchinjwa nyumbani kwetu, Baba alikumbuka ana safari.

Shija hakupoteza muda kubuni majina. Alijaribu mara moja kumwita Baba jina la kigeni, na kila alipoitwa Baba hakugeuka. Baada ya hapo kila mtu akabaki na jina lake. Kulwa alikuwa Kulwa, Petro Mabula alikuwa Petro Mabula. Hapa ndipo balaa langu lilipoanzia, kwa sababu kanuni ya kibanda umiza kila mtoto aliijua: steringi hafi. Anayekufa ni jambazi.

Na Baba alikufa. Alikufa vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Kahama na Buseresere. Wengine walipigwa wakaanguka, basi. Baba alipepesuka, akashika ukuta, akauachia, akatazama mbingu, akapiga goti moja, akasema maneno mawili ya majuto, akaanguka, akainuka tena kidogo, ndipo akafa. Damu ilikuwa uji wa muhogo uliotiwa sukari na rangi ya chakula, hivyo sisimizi walikuja. Nilikuwepo siku walipoanza kumpanda shingoni. Shija alikuwa anapigana na betri ya kamera, na Baba akalala vilevile, mfu mwaminifu, sisimizi wakiingia sikioni, mpaka aliposikia "Kata!" Hapo aliruka juu kama samaki na kukimbilia kisimani.

Zile CD zilifika hadi machimboni. Wachimbaji wa Segese walizipenda kupita kiasi. Walipotoka mashimoni na vumbi lao walitaka kumwona mtu mwingine akipigwa. Siku Baba alipokwenda huko kujenga nyumba ya mtu, mama mmoja wa mgahawa alikataa kumpa wali.

"Wewe uliyemuua mke wa Kulwa?" alimuuliza.

"Mama, yule ni mke wa Shija, na yuko Runzewe anauza dagaa."

"Muuaji na mwongo," akasema yule mama, akafunika sufuria.

Baba aliisimulia hadithi hiyo mwaka mzima, kwa fahari. Lakini shuleni mimi sikuwa na fahari.

"Baba yako kafa tena jana!" wangenipokea getini.

"Kafia wapi?" mwingine angeuliza, kana kwamba mimi sipo.

"Kisimani. Kasukumwa na Kulwa. Kalia 'mayo, mayo!' mpaka chini."

"Si alikufa mwezi uliopita?"

"Ule ulikuwa mwamba. Hiki ni kisima."

Sasa nataka mnielewe. Sikuwa mtoto mjinga. Nilijua Baba hakufa kufa kwa kuzikwa, maana jioni nilimwona anakula ugali. Ila nilikuwa mtoto wa kufikiri sana, na nikaona haiwezekani mtu afe, watu wote waone, wapige makofi, halafu isiwe kitu kabisa. Nilikuwa na mfano. Betri za redio ya Baba zikiisha alizianika juani, na zikaimba tena, lakini kila mara zikaimba kwa sauti ndogo kidogo. Nikahitimisha kwamba Baba naye alikuwa anaanikwa. Na ushahidi nilikuwa nao: baada ya kila filamu alilala siku nzima akiguna, na Mama akimkanda mgongo kwa maji ya moto.

Mwaka huo nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista alitufundisha habari za toharani, kwamba roho isiyoombewa hukaa kule ikisubiri, kama mtu aliyekaa kituoni na gari haliji. Akatuambia Novemba ni mwezi wa marehemu, kila familia iandike majina ya wafu wake kwenye karatasi na kuitia kikapuni karibu na altare, yasomwe kabla ya misa. "Msimsahau hata mmoja," akasema. "Mkimsahau, nani atamkumbuka?"

Nilihesabu. Mwamba, kisima, panga, panga tena, ng'ombe, moto, na ile ya kuangukiwa na gunia la pamba. Mara saba, na hakuna aliyewahi kumwombea hata moja.

Nikachana karatasi kwenye daftari la hisabati. Kuandika nilifundishwa shuleni, lakini kusoma hasa nilijifunzia kwenye ubao wa kibanda umiza, ambao Kulwa aliuandika kwa chaki kila siku, kwa herufi kubwa. Na Kulwa, kama wazee wetu wengi wanaozungumza Kisukuma nyumbani, hakuwa na R. Haikukaa mdomoni mwake, na mkononi pia haikukaa. Ubao ulisema: LEO SAA KUMI. STELINGI KULWA NA JAMBAZI PETLO MABULA. JAMBAZI ATAKUFA VIBAYA. Kwa kuwa ubao ulikuwa mkubwa kuliko daftari la mwalimu, niliuamini ubao. Nikaandika, kwa herufi kubwa, mistari saba, yote sawa: MALEHEMU PETLO MABULA. Nikaikunja, nikaitia kikapuni wakati watu wazima wanasalimiana nje.

Msomaji wa majina alikuwa Mzee Lukas. Alisoma kama mtu anayelima kwa jembe la ng'ombe: hainui kichwa mpaka afike mwisho wa shamba. Baada ya kila jina alituachia nafasi, nasi tukajibu. Akafika kwenye karatasi yangu.

"Marehemu Petro Mabula."

"Apumzike kwa amani," tukajibu, na besi ya Baba kutoka kwenye kwaya ndiyo iliyosikika kuliko zote. Alijibu kwa mazoea.

"Marehemu Petro Mabula."

Safari hii walijibu nusu. Baba alikuwa kati yao, ila aliishia kwenye "apu."

"Marehemu Petro Mabula."

Hapo kanisa lilinyamaza. Vichwa vikageuka vyote kuelekea kwaya, na Baba akasimama, sijui kwa nini, labda alitaka waone. Mzee Lukas akaendelea na shamba lake. Lilipofika la tano, shangazi yangu, dada yake Baba, aliyechelewa kwa sababu ya mtoto, ndiyo kwanza anaingia mlango wa nyuma. Akasikia jina la kaka yake kati ya wafu.

"Mayoo! Petlo! Petlo wane!" akajitupa chini.

"Dada, mimi hapa," Baba akasema kutoka mbele.

Shangazi akamwona amesimama, amevaa joho jeupe la kwaya. Kilio chake kikapanda daraja jingine kabisa.

Mimi niliendelea kujibu mpaka la saba. Nilikuwa peke yangu, lakini niliona tusiishie njiani.

Baada ya misa ile karatasi ilipita mikono yote uani. Kwetu kumwandika mtu aliye hai katika kundi la wafu si mzaha. Ni kumwita kaburini, na kumwita mara saba ni kumsisitiza. Walitazama herufi kubwa. Walitazama L. Kisha mtu mmoja akanyosha kidole kuvuka barabara, kwenye ubao wa kibanda, na wote wakasoma: PETLO MABULA.

Ilikuwa bahati mbaya kwamba wiki hiyohiyo Kulwa na Baba walikuwa wamegombana. Walipopeleka CD Segese, watoto wa huko walimzunguka jambazi wakitaka awakimbize, na steringi akaachwa amesimama peke yake na kanzu yake ya karate. Kulwa aliudhika, akamwambia Shija filamu ijayo jambazi afe mapema, dakika kumi za mwanzo. Watu wote walikuwa wamesikia.

"Kulwa," Baba akamwambia rafiki yake, aliyekuwa amesimama palepale uani, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Tungezungumza tu."

"Mimi? Nikuandike wewe? Mimi niliyekusimamia ndoa?"

"Helufi ni zako," shangazi akapiga kelele.

"Zangu wapi? Helufi ni za watu wote!"

"L hizi ni za watu wote?"

Kulwa aliishika ile karatasi, akaitazama muda mrefu. Naikumbuka sura yake. Alikuwa kama mtu anayeona mkono wake mwenyewe umefanya jambo wakati yeye amelala. Akairudisha, akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, nimeshika upande wa kitenge chake. Umbali wetu haukuzidi hatua nne. Nilifungua mdomo. Nikawaza kwamba nikisema, zile sala saba zitafutwa, na Baba atarudishwa toharani mara saba. Nikaufunga.

Nilijaribu mara moja. Kabla ya Komunyo ya Kwanza tulipanga foleni ya kitubio, na zamu yangu ilipofika nilipiga magoti nikasema, "Padri, nimemuua baba yangu."

"Lini, binti?"

"Novemba. Mara saba."

"Baba yako ni nani?"

"Petro Mabula."

"Huyu aliyenisaidia kubeba kinanda asubuhi?"

"Ndiyo, Padri."

Nikamweleza yote. Nilisikia akikohoa sana upande wa pili, na sasa hivi ndipo ninapoelewa kile kikohozi. Alinipa Salamu Maria tatu, akaniambia niende nikamwambie Baba. Zile tatu nilizisali siku hiyohiyo, nikaongeza na mbili za akiba. Kuhusu Baba nikasema nitamwambia kesho. Padri naye, kwa kiapo chake, hakumwambia mtu.

Baba na Kulwa hawakusemeshana tena. Shija alihangaika. Filamu ya ngumi bila steringi na jambazi ni ndoa ya mtu mmoja. Mwishowe akabuni mbinu: alimpiga picha Kulwa akirusha teke siku ya Jumanne, na Baba akianguka siku ya Ijumaa. Jumanne mvua ilinyesha. Ijumaa jua liliwaka. Kwa hiyo katika filamu ile Kulwa anapiga teke akiwa amelowa chapachapa, mvua inamwagika, na Baba analipokea kwenye vumbi kavu, jasho linamtoka, kivuli chake kifupi chini ya miguu. Anaruka Kulwa, radi. Anaanguka Baba, kiangazi. Kibanda kizima kilicheka, na si kile kicheko cha zamani. Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Amempiga teke kutoka Bukoba!" Baba alitoka kabla haijaisha, na kwenye filamu ile alikufa upesi hata sikuiona ile namna yake. Aliharakisha.

Kulwa alihamia Segese. Na hapo ndipo simu zilipokuja kwa wingi. Vijana wakaanza kurushiana filamu kwenye memori kadi, bure, za nchi zote, na mtafsiri humohumo ndani. Wa machimboni walitazama wakiwa wamelala kitandani. Kibanda kikaonyesha mpira peke yake, kisha kikawa ghala la mahindi, na mwaka juzi wakang'oa mabati. Shija alirudi kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki. CD zilizobaki alimpa Mama kwa ajili ya ndege. Ndege wanaziogopa. Ni watazamaji waaminifu kuliko wote tuliopata kuwa nao.

Kwa wiki tatu nililichambua jambo hili kama nilivyofundishwa chuoni. Nilichora jedwali. Upande mmoja niliandika "Simu", upande wa pili nikaandika "Mimi". Simu ilipata hoja kumi na moja. Nikapumua. Kisha nikakumbuka kwamba simu ziliua vibanda vya Buseresere, vya Geita na vya Kahama, na huko kote wachezaji walibaki wakisalimiana. Filamu za Runzewe zingekufa tu, hata kama ningekuwa mtoto bubu asiyejua kuandika. Lakini Baba kupita harusi tatu za ukoo bila kukaa meza moja na Kulwa, na ile sentensi aliyouambia mpunga, hivyo havikuletwa na simu yoyote. Upande ule wa jedwali ulikuwa na hoja moja tu, na ilikuwa nzito kuliko zile kumi na moja.

Hata hivyo sikufanya kitu. Niliandika barua ya kurasa nne. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa utangulizi. Nikaifanyia mazoezi mbele ya mbuzi, akala ukurasa wa tatu, na nikaona bila ule hoja haishikani. Nikawaza: nimwambie Baba kwanza? Lakini aliyesingiziwa ni Kulwa. Nimwambie Kulwa kwanza? Lakini baba yangu ni Baba. Nikimpigia simu Kulwa, akikata je? Nikienda, akiwa hayupo je? Akiwepo je? Hilo la mwisho ndilo lililonitisha.

Jumatatu, Mama aliniuliza kwa nini nimekonda.

"Nawaza, Mama."

"Toka uzaliwe unawaza," akasema, akichambua mchele. "Kuna siku utafika?"

Nikapanda gari la Kahama. Pale nikaunganisha la Segese.

Kulwa yuko kwenye karasha, ile mashine ya kuvunjavunja mawe ya dhahabu. Niliisikia kabla sijaiona. Ardhi ilitetemeka, meno yangu yakagongana. Yeye alikuwa amesimama pembeni, kijivu kuanzia nywele hadi ndala, na nikamjua kwa urefu. Ukutani nyuma yake, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: HATARI. RINDA VIDORE VYAKO. Niliisoma mara mbili.

"Shikamoo, Baba mdogo!"

"Malahaba! Nani?"

"Binti wa Petro Mabula!"

Aliduwaa. Kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Kuna nini?"

Nikatoa barua yangu, zile kurasa tatu, nikaanza kusoma kwa kupiga kelele. "Kwa kuzingatia mazingira ya utoto na malezi ya kidini ya wakati ule..."

"Eeh?"

"Kwa kuzingatia mazingira..."

"Siku hizi sisikii vizuri, ng'wanone! Mashine hii! Sema fupi!"

Nikaruka utangulizi. "Kuhusu lile tukio la Novemba, napenda kukiri kwamba..."

"Fupi!"

Nikaikunja barua. Nikamsogelea hadi kwenye sikio lenye vumbi. "Ni mimi! Karatasi ya kanisani niliandika mimi! Nilijifunza kuandika kwenye ubao wako!"

Alitembea hadi kwenye mashine, akaizima, akarudi, akakaa juu ya gunia la mawe. Wenzake wawili wakageuka kututazama.

"Wewe?" akasema. "Ulikuwa hata meno ya mbele huna."

"Ndiyo, Baba mdogo. Nilitaka aombewe. Alikuwa amekufa mara nyingi."

Aliutazama ukuta wake. "Unajua L niliiacha tangu siku ile? Kabisa. Nikiona mahali pa kuweka hiyo, naweka ile nyingine. Sikutaka tena mtu aseme helufi ni zangu." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaanza kutafuta kitambaa. Alikuwa anacheka. Kisha kweli akalia kidogo, na machozi yakachora njia mbili kwenye ule ukijivu, akayafuta kwa mkono wa shati na kuharibu uso wote.

"Baba yako anajua umekuja?"

"Hapana."

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru. "Lakini mimi kuambiwa peke yangu hakutoshi. Yeye ndiye aliyenishuku pale uani."

Nilijua angesema hivyo. Nilikuwa nimeandaa sababu sita za kwa nini ni bora Baba aambiwe ana kwa ana, wiki ijayo, baada ya mavuno, hali ya hewa ikiwa nzuri. Nikaitoa simu. Nikalitafuta jina. Kidole kikabonyeza, mimi nikikitazama.

"Haloo," Baba akasema. Nyuma yake nilisikia ndege na madebe.

"Shikamoo, Baba. Niko Segese."

"Marahaba. Segese? Unatafuta nini Segese?"

"Baba, umekaa?"

Madebe yalinyamaza. "Nani kafa?" akauliza, na nyuma yake nikamsikia Mama tayari anaanza, "Mayo, mayo..."

Niliiweka simu kwenye spika, nikaishika katikati yangu na Kulwa.

"Hakuna aliyekufa, Baba," nikasema. "Ile karatasi niliiandika mimi. Niko hapa na Baba mdogo Kulwa, anakusikia."